Kununua Bila Kushawishiwa

Katika nchi moja ya milimani, ambayo jina lake haliandikwi bila mhuri, serikali iliwapenda wananchi wake mno, hata ikawa haiwezi kuwaacha wanunue chumvi peke yao. Serikali nyingine hujenga barabara, zikajisahau humo. Hii haikuwa na barabara ya kujisahau ndani yake. Ilikuwa na Wizara ya Ushawishi, jengo la ghorofa saba lenye lifti moja inayopanda tu, na ndani yake watu mia tatu walilipwa kufikiria jambo moja: mwananchi anapenda kununua vipi?

Walipofikiria vya kutosha ikatungwa Sheria ya Kumshawishi Kila Mtu kwa Namna Yake. Sheria hiyo ilisema, kwa maneno machache na adhabu nyingi, kwamba tangu siku ile hakuna mtu atakayeuziwa kitu ila kwa namna anayoipenda yeye mwenyewe. Ili namna hiyo ijulikane, maofisa walitumwa madukani kuwachungulia watu wakinunua. Hawakutumwa kuwauliza. Waziri alieleza kwamba mwananchi akiulizwa husema anachokijua, na wizara ilikuwa inatafuta jambo la kina zaidi.

Mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani hakuwa na habari na hayo asubuhi alipokwenda dukani kwa Mzee Chambuso kununua chumvi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, msusi wa mikeka, mtu wa swala na maneno machache. Aliishi na mama yake mzazi, Bi Nyamizi, ambaye miguu ilikuwa imemgomea mwaka wa nne sasa, lakini ulimi wake haukuwahi kugoma hata siku moja.

"Shikamoo, Mzee Chambuso."

"Marahaba, binti yangu. Mmeamkaje? Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anasema sukari ya juzi ilikuwa na mchanga."

"Mwambie mchanga ule nilimpa bure."

"Nipe chumvi basi."

Mzee Chambuso akakuna kichwa. "Chumvi imekwisha jana. Na wewe ndiye mteja wangu wa kwanza leo."

Hayo yalitosha. Kila mtu wa milima ile anajua kwamba mteja wa kwanza wa asubuhi hatoki dukani mikono mitupu. Akitoka hivyo siku ya muuzaji imeharibika: wateja watapita mbali, mafuta yatamwagika, panya wataingia kwenye mchele. Si dini wala si sheria, ni adabu tu. Kwa hiyo Sikudhani alitazama rafuni, akaona chanuo la manjano, la plastiki, akalinunua, ingawa nyumbani alikuwa na jingine, na nywele zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabu.

Nyuma ya magunia ya maharage alikuwa amechuchumaa Afisa Mshawishi wa Tarafa, Bwana Gervas Kibuta, na daftari mapajani. Kibuta alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo. Marehemu mama yake alikuwa radhi kununua msumari mmoja usio na kazi ili asimtie muuzaji mkosi asubuhi. Lakini Kibuta alikuwa amehudhuria semina ya wiki sita, na semina ilipoingia, mama alitoka. Akaandika: *Aliingia kutaka chumvi. Alitoka na chanuo. Hana nywele.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Hatari.*

*

Baada ya wiki mbili Sikudhani aliletewa kadi ya kijani. Kadi ilisema kwamba yeye ni Mkurupukaji wa Daraja la Tatu, yaani mtu ambaye raha yake ni kununua kile asichokikusudia.

Watu wote waligawanywa hivyo. Walikuwapo Wenye Mpango, ambao walitakiwa kupeleka maombi miaka miwili kabla ya kuhitaji kitu. Walikuwapo Watazamaji, wanaopenda kuangalia bila kununua, hao walijengewa mabenchi mbele ya kioo cha duka, na kila saa nne asubuhi tarishi aliwasomea ujumbe wao maalumu: "Tazameni tena." Na walikuwapo Wapatanaji, watu wa kuvutana bei. Hao walitungiwa utaratibu mzuri kuliko wote. Bei yao ilianzia mara kumi. Mnunuzi alitakiwa apige kelele, ajishike kichwa, kisha aondoke kwa hasira kama watu wa milimani walivyozoea, ili Karani wa Kuita amwite arudi. Kwa bahati mbaya Karani wa Kuita alikwenda likizo mwezi uleule. Watu wakaondoka kwa hasira kama kanuni inavyotaka, wasiitwe, na kwa kuwa heshima haimruhusu mtu kugeuka mwenyewe, wakaendelea kwenda. Inasemekana wengine walionekana mpakani, bado wametega sikio nyuma.

Kwa Sikudhani lilikuja gari. Kila asubuhi, akiwa hata hajakunja mswala, lilisimama mlangoni na kipaza sauti juu ya paa.

"Sikudhani binti Mrisho! Usiwaze! Ona! Chukua!"

Siku ya kwanza lilimwonyesha wavu wa kuvulia samaki, na mto wa karibu ulikuwa safari ya siku mbili. Siku ya pili lilimwonyesha filimbi ya mwamuzi wa mpira. Siku ya tatu lilileta mwavuli mkubwa wa bustani, likamwambia mara tisa kwamba hakuwa akiutarajia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

"Sikudhani," aliita Bi Nyamizi kutoka kitandani, "toka nje, mchumba wako amefika."

"Ni serikali, mama."

"Hata baba yako alipiga kelele hivyohivyo barazani kwetu. Lakini yule alikuja na nyama."

*

Mwezi wa sita kipupwe kiliingia na ukungu wake. Asubuhi moja, Sikudhani akiwa kisimani, cheche iliruka kutoka kwenye jiko la mkaa ikatua kwenye blanketi la Bi Nyamizi. Lilikuwa blanketi pekee la nyumba ile. Bi Nyamizi aliuzima moto kwa kikombe cha chai na matusi, lakini kilichobaki kilifaa kuepulia sufuria tu. Tangu hapo alijifunika kanga tatu na gunia, na kikohozi kikaanza.

Mganga wa zahanati alimsikiliza kifua, akamvuta Sikudhani pembeni.

"Dawa nitampa. Lakini dawa ya kwanza ni joto. Akikaa na baridi hii bila blanketi zito, dada, sikufichi: hatauona mwezi wa tisa."

Sikudhani alikuwa na fedha; mikeka ilikuwa imeuzika. Alimshukuru Mungu kwamba katika shida zake zote hii ilikuwa ndogo, ya kwenda dukani na kurudi.

Duka la Mzee Chambuso lilikuwa limekuwa Tawi Namba Sitini na Moja la Duka la Taifa. Maduka mengine yote ya mlimani yalikuwa yamefungwa, kwa sababu yaliwauzia watu bila kuwasoma. Mzee Chambuso mwenyewe sasa aliitwa Msaidizi wa Hisia za Mteja, na alivaa tai juu ya kanzu. Katikati ya duka, juu ya kiti kirefu kama cha kinyozi, alikaa Kibuta, ambaye alikuwa amepandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Nia. Kwenye rafu nyuma yake lilikaa blanketi moja la kijivu lenye mstari mwekundu, zito, limekunjwa vizuri.

"Mama, umefuata nini?" aliuliza Kibuta bila salamu.

"Blanketi lile."

"Ulijua lipo kabla hujaingia?"

"Niliona jana, kiooni."

Kibuta akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidonda. "Ukaliwaza?"

"Nililiwaza. Mama yangu anakohoa."

"Basi huo ni mpango. Na wewe ni Mkurupukaji. Kukuuzia blanketi hili ni kukudhulumu."

"Nidhulumu tu, mwanangu. Nimeridhia."

"Kuridhia hakumo katika namna yako." Akafungua daftari. "Angalia hii hapa, mashine ya kukamulia machungwa. Ulikuwa unaiwaza?"

"Hapana."

"Safi! Chukua!"

"Huku kwetu hakuna machungwa, mwanangu."

"Ndiyo maana hukuiwaza," alisema Kibuta kwa upole wa mwalimu. "Unaona jinsi tunavyokuelewa?"

Sikudhani aliuliza kama anaweza kubadilishiwa kadi. Kibuta alisema anaweza, kwa kuandika ombi. Lakini kuandika ombi ni jambo la kukusudia, na Mkurupukaji akikusudia jambo huwa ameghushi tabia yake, kifungo miezi sita. Aliuliza kama jirani anaweza kumnunulia. Kibuta alisema huko ni kuazima moyo wa mtu, kifungo mwaka mmoja.

Akiwa anatoka Mzee Chambuso alimsindikiza hadi mlangoni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Binti yangu, nawe! Ungesema umefuata ndoo. Mimi ningeliangusha blanketi miguuni pako, ukashtuka, yakaisha."

"Ningekuwa nimesema uongo, mzee."

"Uongo gani? Huu ni utaratibu!"

"Kinywa hikihiki ndicho ninachoswalia," alisema Sikudhani, akaenda zake kwenye ukungu.

*

Wiki iliyofuata Waziri wa Ushawishi, Mheshimiwa Daktari Ndelamo, alikuja kulizindua tawi ambalo lilikuwa limefunguliwa tangu mwezi wa nne. Alichelewa saa sita. Watu walisimama kwenye baridi wakishangilia kila gari, hata la takataka.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri, amevaa makoti mawili. "Zamani mlinunua kama kuku wanavyodonoa! Nani aliwajali? Mtu alitaka sukari, akapewa sukari, akaenda! Ni maisha hayo? Leo mama wa mlimani ana ujumbe wake! Mzee wa bondeni ana ujumbe wake! Kipofu ana bango lake!"

Makofi.

"Nchi tajiri zina bidhaa nyingi na ujumbe wa kubahatisha. Sisi tuna bidhaa chache, lakini kila mtu ana ujumbe wake kamili! Sasa nani tajiri?"

"Sisi!" waliitikia watu, kwa kuwa askari walikuwa wanawahesabu wasioitikia.

Sikudhani alikuwa amesoma Ayatul Kursi mara saba ili apate ujasiri. Akanyoosha mkono. Kibuta akatikisa kichwa kumkataza, lakini Waziri alikuwa anapenda kuonekana anasikiliza, kwa sababu mpiga picha alikuwapo.

"Sema, mama yangu."

"Mheshimiwa, mimi nina haja ya blanketi. Mama yangu mgonjwa anakufa kwa baridi. Blanketi lipo dukani, fedha ninayo. Naomba niuziwe."

Waziri alitabasamu kwa huruma kubwa.

"Mmesikia neno hilo? Haja! Ndugu zangu, haja ni mabaki ya zamani. Mwenye haja hashawishiwi. Anajua anachotaka, anaingia, anatoka. Sasa kama kila mtu atakuwa na haja, kijana huyu atakula wapi?" Akamwonyesha Kibuta kwa kidole, na Kibuta akainamisha kichwa kama yatima. "Mama, unataka kumnyang'anya kijana wa watu mkate?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nataka blanketi."

"Lete kadi yako." Akaisoma, uso ukamng'aa. "Mkurupukaji! Daraja la Tatu! Na bado tunamwacha ateseke na haja! Leteni ile zawadi!"

Wakaleta feni. Ilikuwa kubwa, ya kusimama, yenye mapanga matano. Waziri akampa mkononi mwenyewe.

"Ulikuwa unaitarajia?"

"Hapana," alisema Sikudhani.

"Mtazameni uso!" Waziri alipaza sauti. "Huo ndio uso wa mwananchi aliyeguswa!" Mpiga picha akaupiga, na uso huo ukawekwa kwenye kalenda ya wizara, mwezi wa saba.

Sikudhani aliibeba feni kupanda mlima. Bi Nyamizi alisikia mlango, akajiinua kwa kiwiko.

"Umelipata?"

"Wamenipa feni, mama."

Bi Nyamizi akakohoa muda mrefu, kisha akavuta gunia hadi kidevuni. "Basi iwashe. Tufe haraka tupumzike."

"Hakuna umeme."

"Mungu ni mwema," alisema Bi Nyamizi.

Walicheka wote wawili mpaka kicheko cha mama kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma upesi. Sikudhani alimshika mgongo. Ulikuwa umebaki mifupa, na mifupa yenyewe ilikuwa ya baridi.

*

Tangu siku hiyo alizidisha kuomba. Hakuomba utajiri, wala hakuwaombea maofisa mabaya, ingawa lilimjia mara mbili tatu akalimeza. Aliomba kitu kimoja kwa jina na rangi yake: blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, lililo kwenye rafu ya tatu katika Tawi Namba Sitini na Moja. Aliona si adabu kumsumbua Mungu kwa maelezo ya nusunusu. Na kwa kuwa ukuta wa nyumba ulikuwa wa udongo, majirani walisikia, na jirani mmoja alikuwa anatafuta cheo.

Kibuta alikuja mchana na daftari, akasimama mlangoni.

"Bi Sikudhani, nimepata taarifa. Unaliombea lile blanketi."

"Naliombea."

"Mara ngapi?"

"Kila swala. Na nikikumbuka katikati."

"Mara tano kwa siku!" Kibuta akaandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. "Mara tano kwa siku unapanga kununua, tena unapitia ofisi ya juu kuliko wizara! Hata Wenye Mpango hawafanyi hivi!"

Kutoka chumbani ikatoka sauti nyembamba. "Nani huyo anayefoka kwangu? Ni Gervas wa marehemu Anastazia? Shikamoo umeiacha seminani?"

Kibuta akashtuka. "Shikamoo, Bi Nyamizi."

"Marahaba. Mama yako alikuwa mtu. Sijui wewe walikuokota kwenye kabati gani."

Kibuta alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye afya, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Mimi si mnyama. Kuna njia. Wataalamu wanasema matakwa hupoa ndani ya siku arobaini. Acha kuliombea siku arobaini. Kila swala nitaweka mtu ukutani asikilize. Siku zikitimia moyo wako utakuwa mweupe. Utapita dukani ukiwaza mambo yako, utaliona, utashtuka. Hapo nitakuuzia kwa mikono yangu."

Sikudhani alimtazama mama yake kupitia mlango ulio wazi. Alihesabu siku arobaini kwa pumzi zile alizozisikia, hazikufika.

"Nitamwambia nini Mungu siku arobaini, mwanangu? Kwamba sitaki? Ameshaniona."

"Na mimi nimekuona," alisema Kibuta, akafunga daftari. "Basi. Usije ukasema serikali haikukuhurumia."

Usoni mwa Sikudhani hasira ilipanda, na safari hii hakuimeza.

"Serikali inanijua ninavyoingia dukani," alisema, "inajua ninavyotoka, inajua ninavyomwomba Mola wangu. Kitu kimoja tu haitaki kukijua: kwamba kuna baridi. Toka mlangoni mwangu, Gervas. Unanizibia jua, na ndilo pekee tulilobakiwa nalo kumpasha mama joto."

*

Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, aliomba radhi kwa lolote ambalo angelikosea siku hiyo, akashuka mlima. Mbele ya duka Watazamaji walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yao, wakisubiri kusomewa ujumbe. Ndani Mzee Chambuso alikuwa anapangusa vumbi kwenye mashine za machungwa.

Sikudhani alisalimia. Akavuta kigoda, akapanda, akashusha blanketi kutoka rafu ya tatu. Bei ilikuwa imebandikwa juu yake. Aliweka fedha yote mezani, senti haikupungua.

Kibuta aliruka kutoka kwenye kiti kirefu. "Weka chini! Nani amekushawishi?"

"Hakuna."

"Umesikia gari?"

"Leo halijapita."

"Umeona bango? Umehisi nini? Kuna kitu kimekugusa?"

"Hapana, mwanangu. Sikuhisi kitu."

"Sasa kwa nini unachukua?"

"Kuna baridi," alisema Sikudhani.

Kibuta alifungua kitabu cha sheria akaanza kukipekua. Wizi haukuwa, maana fedha ilikuwa mezani. Mauzo hayakuwa, maana hakuna aliyemuuzia. Alifika mwisho wa kitabu akaanza tena mwanzo, na alipofika kwenye vitunguu vya magendo Sikudhani alikuwa ameshatoka na blanketi kichwani. Mzee Chambuso alikuwa ametazama ukutani muda wote huo, akisoma tangazo alilolibandika mwenyewe.

Nje, Mtazamaji mmoja aliinuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

"Kumbe inawezekana!" alisema.

Wenzake wakamgeukia. Lakini saa ilikuwa imefika saa nne, tarishi akatokea na karatasi, na yule mtu akakaa haraka asikose ujumbe wake.

*

Ilibidi Bunge likutane siku mbili kulitafutia kosa lile jina. Waliliita Kununua Bila Kushawishiwa. Siku ya tatu Kibuta alipanda mlima na askari wanne kuchukua kielelezo.

Walimkuta Bi Nyamizi amelala ndani ya blanketi, limemzunguka kutoka shingoni hadi nyayo, amefumba macho kwa raha. Usiku uliopita ulikuwa wa kwanza kulala hadi asubuhi.

"Bi Nyamizi, tumekuja kuchukua blanketi," alisema Kibuta. Kisha akakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Lichukueni."

"Inabidi utoke."

"Nitoke kwa miguu ipi?"

Askari mmoja akashika ncha ya blanketi. Sikudhani akasimama mbele yake. Hakuinua mkono, wala hakuinua sauti.

"Gervas, wewe ni mtu wa kitabu," alisema. "Kisomee hawa kinasemaje juu ya vielelezo."

Kibuta hakuweza kukataa. Kusoma kanuni kwa sauti ndiyo ilikuwa starehe pekee aliyobakiwa nayo. Akafungua. "*Kielelezo kitachukuliwa katika hali kilivyokutwa, bila kukunjua, kukunja, kuongeza wala kupunguza.*" Akaisoma tena, polepole.

"Mmenikuta ndani," alisema Bi Nyamizi. "Msinipunguze."

Hivyo askari wanne wa jamhuri waliinua kitanda, wakashuka nacho mlimani, Kibuta akitangulia kuwaondolea kuku njiani. Bi Nyamizi aliwasalimu watu pande zote mbili kama malkia, na kila walipojikwaa aliwauliza wamenyonya maziwa ya nani.

Mahakamani karani aliuliza aandike nini. Wakashauriana. Akaandika: *Kielelezo A: blanketi moja, kijivu, mstari mwekundu, na mama mmoja ndani.*

Hakimu alimwachia Sikudhani kwa dhamana, akaagiza kielelezo kihifadhiwe. Na hapo ndipo ukarimu wa nchi ile ulipoonekana. Serikali ambayo haikuweza kumuuzia mwanamke blanketi moja ilikuwa na kanuni za kurasa kumi na mbili za kutunza vielelezo visipate ukungu. Kielelezo A kikawekwa chumba kisichovuja, mbali na pembe za ndovu na bunduki za gobori. Jiko la kuni liliwashwa usiku na mchana. Karani alikuja asubuhi na jioni kuandika hali ya kielelezo, na kwa kuwa kielelezo hakiruhusiwi kupungua uzito, kililetewa uji wa maziwa.

"Leo kielelezo kinataka sukari zaidi," Bi Nyamizi alimwambia mlinzi. "Na mwenzako wa jana alikuwa anapiga hadithi vizuri kuliko wewe. Mwiteni."

Kikohozi kilipungua wiki ya pili. Wiki ya nne kiliisha.

Sikudhani alikuja kila siku, lakini hakuruhusiwa kuingia kwa kuwa ni mshtakiwa. Alisimama chini ya dirisha dogo lenye nondo, akaongea na mama yake kwa sauti.

"Umelala, mama?"

"Nimelala. Wewe je? Unajifunika nini?"

"Gunia," alisema Sikudhani. "Linatosha."

Wakili wa serikali ndiye aliyemwambia, akiwa amesimama kwenye ngazi za mahakama anakula karanga. Kesi yenyewe haikuwa na utata, alisema. Mshtakiwa hakanushi, na mashahidi wapo. Ikimalizika, hukumu ni miaka miwili, na kielelezo kitateketezwa kwa moto kama vielelezo vyote. Mama atatolewa kwanza, bila shaka. Atarudishwa nyumbani kwake.

"Kwenye nini?" aliuliza Sikudhani.

"Kwenye hali aliyokuwa nayo kabla ya kosa," alisema wakili, akatupa maganda.

Siku ya kesi Sikudhani alifika mapema kuliko wafagizi. Alitandika mkeka wake chini ya dirisha dogo, akaswali rakaa mbili. Maisha yake yote alikuwa ameomba haki itendeke upesi. Sasa aliinua mikono akaomba isitendeke. Aliomba shahidi apotee, faili lisionekane, wino ukauke, hakimu aumwe kidogo tu na jino, lisilo baya. Aliomba kwa machozi, kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba jambo zito lisilowahi kutokea.

Mahakama ilikaa saa tano badala ya saa tatu. Wakili wa serikali alisimama akasema yuko tayari kuendelea. Kibuta alisimama akasema yuko tayari kutoa ushahidi. Mashahidi wote walikuwapo, faili lilikuwapo, wino ulikuwapo.

Hakimu aliwatazama wote kwa mshangao. Akatazama saa. Akaahirisha kesi hadi mwezi wa sita mwakani.